Tabaka la Thelathini na Moja

Kanisa la Ndungwe lilikuwa la sitini na mbili kwangu. Kabla yake nilikwisha kusoma misikiti, makanisa, na hekalu moja la Wahindi kule Tabora ambalo popo walikuwa wamelifanya ikulu. Mtu akishasoma mahame sitini na moja ya nyumba za ibada, hashangai tena. Anachotaka ni mahali pa kukaa na maji ya kunawa vumbi.

Nilifika saa nne asubuhi nikimvuta Punda. Punda ni jina nililoipa mashine ya miguu minne inayobeba kamera. Kwenye karatasi za Idara iliyoniajiri, mashine hiyo ina jina refu lenye tarakimu, lakini kitu kinachogoma kila kikiona mteremko hakistahili jina jingine. Milima ya Upare ina miteremko mingi, kwa hiyo tulikuwa tumegombana tangu alfajiri.

Mlangoni alikaa mwanamke mzee juu ya ndoo iliyopinduliwa, ufunguo mkubwa wa chuma mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha?"

"Ndiye mimi. Naitwa Zulfa."

"Zulfa. Mwislamu."

"Mwislamu wa Kondoa, mama. Kuta hazijaniuliza bado."

Alicheka kidogo, kisha akasema lile ambalo kila ninakokwenda lazima atokee mtu wa kulisema: "Basi ni kweli kuta zina masikio." Nami nikacheka kwa adabu, kama ninavyocheka siku zote.

Alijitambulisha kuwa ni Mama Nakiete. Wenzake wote walihamia Mji Mpya, huko tambarare, miaka kumi na miwili iliyopita chemchemi zilipokauka. Yeye alibaki. Alikunywa maji ya ukungu, yaliyonaswa na wavu mkubwa aliousimamisha nyuma ya kanisa na kudondoka tone tone kwenye pipa. Katika fomu yangu alikuwa ameandikwa kwenye safu ya vizuizi, kati ya nyuki na mti ulioanguka.

Alifungua mlango. Nilikuwa nimejiapiza kutotazama, maana uzuri katika kazi yangu ni habari mbaya. Kila ninachokiona kizuri huwa nimekigeuza vumbi kabla ya siku tatu kwisha. Lakini nilitazama. Ukuta wa madhabahu ulikuwa wa buluu, na mtu asiyejua kuchora alikuwa ameujaza nyota za manjano, nyingine za pembe tano, nyingine za pembe sita, moja ya pembe nne kwa uchovu. Madirisha hayakuwa na vioo. Yalijengwa kwa vitako vya chupa, kijani na kahawia, vilivyopangwa kwenye saruji, na jua la saa nne lilikuwa limemwaga miduara ya rangi hizo juu ya mabenchi. Rangi ya kuta za ubavuni ilikuwa imebambuka ikaning'inia. Nilikaa kwenye benchi la kwanza nikajisikia mzee.

Usharika wa Ndungwe, huko Mji Mpya, ulikuwa ukiabudu kwenye ukumbi wa kukodi. Nakala yangu ikikamilika, wangeiwasha kila Jumapili na kuta zile tupu zingegeuka Ndungwe: nyota, chupa, mwangwi, kila kitu. Pasaka ilikuwa imebaki wiki mbili na walikwisha kuanza kunipigia simu kuuliza nimefikia wapi. Ardhi ya hapa, baada ya mimi kuondoka, ingekuwa huru kwa mwenye shughuli nayo. Ndiyo makubaliano ya siku hizi. Kilichonakiliwa chote kinahesabiwa kuwa kimehifadhiwa, na kilichohifadhiwa kinaruhusiwa kubomolewa.

Nilifunga reli mbele ya ukuta wa buluu, nikapandisha kamera, nikamwomba Mama Nakiete avae miwani ya kuzuia mwanga. Hakutaka kutoka nje.

"Inafanyaje?" aliuliza.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Chokaa mbichi hukauka kwa kuvuta ile hewa tunayoitoa puani. Ikikauka huku watu wamo ndani wanaimba, ngozi yake ya juu huganda na mtikisiko wa sauti zao, kama uji unavyoganda na alama ya mwiko. Mwanga wa zambarau husoma ngozi hiyo, rangi yake na sauti yake, halafu mwanga huohuo huisaga. Kisha huja tabaka la chini yake, la mwaka uliotangulia, na la chini yake tena, mpaka jiwe. Kila ukuta hushika tu sauti zinazouelekea na za mtu aliyeuegemea. Tabaka likishasomwa ni vumbi. Kusoma mara ya pili hakupo.

Kuta nyingi ni bubu, kwa sababu watu hupaka rangi siku za kazi, nyumba ikiwa tupu. Ndungwe walikuwa na desturi yao. Walipaka Jumamosi Kuu, usharika mzima, wake kwa waume, na alfajiri ya Pasaka waliingia ibadani kuta zikiwa bado mbichi. Vijiji vya jirani viliwatania kuwa ni watu wa mabega meupe. Bila kujua walikuwa wamerekodi kila Pasaka yao kwa zaidi ya miaka mia.

Nikawasha. Tabaka la kwanza lilikuwa la Pasaka yao ya mwisho. Kwaya iliimba kwenye kipaza sauti changu kidogo, na Mama Nakiete akashika kifua.

"Huyo ni Ombeni! Msikie anavyovuta, kama lori linapanda Same. Tulimwambia, Ombeni, besi si kukoroma." Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka chini ya miwani. "Na huyo anayewahi mbele ya wenzake ni Mama Kunda. Hakuwahi kungoja mtu, hata kufa aliwahi."

Buluu ikawa inashuka sakafuni kama unga. Mwanga ulipofika upande wa juu, nyota zikaanza kwenda.

"Na nyota?"

"Zimo ndani, mama." Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Zilikuwepo zote, hata ile ya pembe nne, zinang'aa kuliko zilivyokuwa ukutani.

Alitazama kioo, akatazama jiwe lililobaki wazi. "Ndani," alisema, kisha akaenda kunichemshia chai.

*

Siku ya pili niligeukia ukuta wa nyuma, ule wenye mlango mdogo. Nilipoupima nilidhani kipimo kimeharibika. Kuta nyingine zilikuwa zimeachwa miaka kumi na miwili, zina nyufa na kuvu. Huu ulikuwa mweupe, mnene, laini kama yai. Ulikuwa na matabaka kumi na mawili zaidi kuliko wenzake.

Nilisoma la juu. Hakukuwa na kwaya. Ilisikika pumzi ya mtu mmoja, brashi ikipita, kikohozi, ndoo ikisogezwa. Nikasoma la pili, na la tatu, mpaka la kumi na mbili. Pumzi ileile, kila mwaka nzito kidogo kuliko mwaka uliopita ukihesabu kuja juu. Nilizima mashine.

"Mama, ukuta huu umekuwa ukiupaka peke yako?"

Aliacha kufagia. Alikuja taratibu, akasimama kati yangu na ukuta, akauegemeza mgongo.

"Huu, mwanangu, uuache."

"Siwezi, mama. Nakala isipokuwa kamili haipokelewi. Sheria hairuhusu kuchagua wala kukata."

"Sheria ni msumeno," alisema. "Mimi mwenyewe nililisema neno hilo, palepale mbele." Alinyoosha kidole kwenye madhabahu ambayo sasa ilikuwa mawe matupu. "Kaa nikueleze, maana utausoma hata nikikataa."

Nilikaa. Yeye hakukaa.

"Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na ndiye niliyesoma matangazo. Pasaka kabla ya Meza ya Bwana tulisoma majina ya waliotengwa, ili wasije mezani. Benchi lao lilikuwa hapa nyuma, kwenye ukuta huu. Pasaka ile lilikuwamo jina moja tu. Nakiete, mwanangu. Alizaa bila ndoa, na baba wa mtoto hakumtaja. Mchungaji aliniambia, Mama Nakiete, leo asome mwingine. Nikakataa. Nilitaka watu waone kuwa sipendelei wangu." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nikasoma. Nilisoma nimeinamia karatasi. Nilipoinua uso benchi lilikuwa tupu. Alichukua mtoto wake, wa miezi mitatu, akashuka mlima. Miaka thelathini hii sijamwona."

"Ulimtafuta?"

"Tanga, Arusha, redioni, kwa waganga pia, Mungu anisamehe. Hata jina la mtoto silijui, maana mtoto wa aliyetengwa hakubatizwa mpaka mama yake arudi kundini. Najua ni wa kike tu. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu sikumpata, majuto nimeyapata."

Nje, maji yalidondoka kwenye pipa.

"Aliyekuja kupima kuta zetu mara ya kwanza alitueleza kuwa chokaa inashika sauti," aliendelea. "Ni zamani kidogo, kabla watu hawajahama. Wote walifurahi. Mimi niliingiwa na hofu. Nilikuwa tayari na mazoea ya kuupaka ukuta huu mimi, kila Pasaka, sikuweza kuuona ukichakaa mahali alipokaa. Baada ya kusikia hayo nikazidi kuupaka kwa uzito, nikiomba azikwe humo asisikike. Wenzangu walipohama nikaendelea."

Ilinibidi nimwambie ukweli, ingawa ningeweza kunyamaza. Chokaa juu ya chokaa haiziki. Inakinga. Kuta zilizoachwa hupotelewa na sauti kwa mvua na kuvu. Ule wake, kwa kule kupakwa, ulikuwa mzima kuliko kuta zote nilizowahi kusoma.

Alikaa chini sasa, polepole, mkono ukutani.

"Kumbe nilikuwa namtunza," alisema.

Aliipapasa ile chokaa laini kwa kiganja. Kisha akauliza, sauti imebadilika: "Wataisikia wote, kule Mji Mpya?"

"Wote. Na yeyote mwingine atakayetaka."

"Na mimi nikisoma jina."

"Na wewe ukisoma."

"Hiyo mashine inaweza kusema bila kuweka?"

Nilijua angefika hapo. Kuna kitufe chekundu cha kuhifadhi. Kisipobonyezwa, sauti hutoka kwenye kipaza inavyosomwa, kisha basi. Hutumika kufanyia majaribio kwenye kuta zisizo na kitu.

"Inaweza," nilisema. "Lakini utasikia mara moja tu, mama. Halafu haitakuwepo popote."

"Mara moja inanitosha. Sina haja na wimbo wala na mahubiri, wala hata na sauti yangu. Nilipokuwa nimeinama vile, alisema neno hapa au hakusema? Nataka kujua kama alinilaani. Kama alinilaani nife nikijua, na watu wasijue."

"Na mjukuu wako? Kama yu hai ana miaka thelathini. Pengine hajawahi kusikia..."

"Akiisikia atasikia nini? Bibi yake anamfukuza mama yake mbele ya kanisa zima. Huo ndio urithi nimpe?" Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa chokaa. "Wewe una mama?"

"Alifariki."

"Basi naomba kama mama."

*

Nilimpigia simu Kisamo, mkuu wangu wa kazi. Kisamo hapandishi sauti kamwe, na ndiyo maana ni vigumu kumdanganya.

"Tabaka moja," nilimwambia. "La thelathini na moja. Nitaandika limeharibiwa na unyevu."

"Unyevu, Zulfa? Ndungwe? Watu walihama kwa sababu hakuna unyevu."

"Kuna wavu wa ukungu nyuma ya ukuta."

Kisha nilimweleza yote, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubuni. Aliposikia habari za mtoto alishusha pumzi.

"Sikukatazi kwa sababu ya fomu," alisema. "Fomu tutazijua. Fikiria huyo mtoto. Siku moja anaambiwa kwenu ni Ndungwe. Anavaa miwani ya kutazamia nakala, anaingia kwenye hiyo yako, anamtafuta mama yake. Benchi la nyuma liko kimya. Utamwambia tulikuwa na sauti tukaisaga kwa sababu bibi aliona haya?"

Na Kisamo hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Sikuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia.

Kuna jambo sikumwambia. Msikiti wa mtaani kwetu nilikuwa nimeusoma mwenyewe, miaka sita nyuma. Katika tabaka moja la mwezi wa Ramadhani nilimkuta baba yangu, marehemu, akikohoa kile kikohozi chake cha mara tatu, kisha akiomba dua kwa sauti ndogo aliyodhani haisikiki. Alikuwa akiniombea mimi nipate akili. Nililia, nikabonyeza kitufe chekundu, nikaipa dunia. Mwaka uliofuata nilimsikia baba kwenye wimbo wa dansi, kikohozi chake kimefanywa ngoma. Vijana hawakuvunja sheria yoyote. Nakala ni ya wote. Tangu siku ile sijaweza kumkumbuka baba bila kuusikia na ule mdundo.

Kwa hiyo asubuhi ya tatu nilimwambia Mama Nakiete kwamba nimekubali.

Alikuwa amevaa gauni jeupe la ibada na kitambaa kichwani. Niliyasoma matabaka kumi na manane yaliyosalia juu, yale ya usharika, kihalali, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Ombeni alizidi kuwa kijana, besi yake ikawa nyepesi. Mama Kunda alifufuka na kuwahi mbele ya wenzake. Mama Nakiete hakucheka tena. Vumbi lilikuwa limefika vifundoni kwetu.

Saa sita kasoro nilifika la thelathini na moja. Nikaachia kitufe. Taa yake nyekundu ikazima, na yeye akaitazama mpaka akaridhika. Alibeba benchi mwenyewe, akalisogeza karibu na kipaza, akakaa pale alipokaa mwanawe.

Nikawasha mwanga.

Ulianza wimbo, watu wengi, wakiwa na furaha. Kisha miguu, vikohozi, mabenchi. Kisha, kwa mbali, mbele kabisa, sauti ya mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nzito, imetulia, kila neno limesimama mahali pake. Sikuijua mwanzoni. Mama Nakiete aliyejikunja kando yangu hakuwa tena na sauti ile. Ilisema kwamba kwa mujibu wa taratibu za usharika, wafuatao hawatashiriki Meza ya Bwana. Karibu na ukuta, karibu kabisa kama mtu aliye mabegani petu, mtoto mchanga akaanza kulia.

Jina likasomwa.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Naapa sikukipeleka mimi, kilikwenda chenyewe. Nilimwaza yule mtu wa miaka thelathini popote alipo, ana miwani mkononi. Nilimtazama Mama Nakiete. Alikuwa amefumba macho na kukunja uso, kama mtu anayengoja kupigwa. Nikakiondoa kidole.

Sauti ya msichana ilisikika, ya chini, haina haraka, ina kicheko kidogo ndani yake.

"Nyamaza, mama, nyamaza. Huyo anayesoma ni bibi yako. Sikia sauti yake ilivyo nzuri."

Mtoto alinyamaza. Kitu kama kanga kikakung'utwa, hatua nne, mlango ukafunguliwa taratibu na kufungwa taratibu. Mbele huko ile sauti nzuri ikaendelea na matangazo ya mavuno.

Mwanga ulifika mwisho wa reli ukazima. Tabaka lilikuwa limekwisha kumwagika, jeupe, sawa na mengine.

Mama Nakiete hakufumbua macho.

"Rudia hapo," alisema.

Niliondoa mkono kwenye mashine.

"Hapo aliposema bibi. Rudisha kidogo tu."

"Mama." Nilimwinamia. "Haipo. Tulikubaliana."

Alifumbua macho, akaitazama ile taa iliyozima, akanitazama mimi. Sikuona hasira, na ningeshukuru kama ingekuwepo. Aliinama akachota vumbi kwa viganja viwili, akalisogeza sikioni, akalishika pale. Kisha akaliacha likaanguka. Nimetimiza ahadi chache katika maisha yangu, na ile ndiyo pekee ninayojuta kuitimiza, na kama ingerudi asubuhi ile ningeitimiza tena.

"Wewe umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Masikio yangu yamezeeka. Yako ni mazima. Umesikia yote?"

"Yote, mama."

"Basi sema."

Nilidhani nimemwelewa vibaya, lakini alikuwa amenigeukia kabisa, magoti yakigusa yangu, na mikono ameikunja mapajani kama mtu aliyeketi ibadani. Nikasema. Nyamaza, mama, nyamaza. Huyo anayesoma ni bibi yako. Sikia sauti yake ilivyo nzuri.

Alitikisa kichwa.

"Umekimbia. Yeye hakukimbia."

Nikasema tena, polepole.

"Na kwenye bibi yako alicheka kidogo. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi cheka."

Sikuwa na kicheko mwilini, siku ile wala miezi mingi kabla yake. Simu ilikuwa ikilia mfukoni. Ni usharika, au Kisamo, na ukuta wa kulia ulikuwa bado haujaguswa. Niliiacha ilie. Nilikitafuta kicheko mpaka nikapata kimoja kidogo, nikakiweka mahali pake.

Aliegemea lile jiwe tupu akafumba macho.

"Sasa ndiyo yeye," alisema. "Rudia."

Nikarudia.